Kwa Nini Niliendelea na Dawa ya Pua

Thika, nyumba za kiwanda cha ngozi
Jumapili mchana

Mke wangu mpendwa, mama Mghanga,

Pokea salamu zangu, na uwape watoto zao kabla hujakaa kusoma. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, goti halikusumbui sana kwenye ule mteremko wa kisimani, na mama naye kikohozi chake cha asubuhi kimepungua. Mahindi je, mliwahi kuyaingiza kabla ya nyani? Mimi nipo. Sitaandika kwamba nipo mzima, maana binamu yangu Mwanyumba amekwisha kukuandikia alivyonikuta, na ukiona nimeandika "mzima" utajua nakuficha.

Barua hii anakuletea Mwanyumba mwenyewe akija likizo yake ya reli. Sikutaka kuipeleka posta. Siku hizi za Hali ya Hatari barua zinafunguliwa na serikali, hata zetu sisi Wataita, na yaliyomo humu sitaki yasomwe na mtu asiyetuhusu. Ukimaliza kuisoma itie motoni.

Katika barua yako umeniuliza jambo moja tu, nami nimelirudia kulisoma mara nyingi. Umeuliza kwa nini bado najipulizia ile dawa puani, ikiwa inanitoa damu na kuninyima usingizi, na ilhali ulinitumia tangawizi na asali ya nyumbani na ukanieleza namna ya kuvichemsha. Umesema kama umekuwa ulevi nikuambie ni ulevi. Si ulevi, mke wangu. Nina sababu, au nilikuwa nayo. Lakini nikikueleza sababu itanibidi nikueleze pia jinsi nilivyotoka Ruiru, kwa maana niliandika tu kwamba kazi ya upishi imekwisha, nawe kwa heshima yako hukuniuliza zaidi.

Unajua pua ilianza kunisumbua mwaka ule wa kwanza niliofika kwenye lile shamba la kahawa. Huku mvua ya kwanza ikinyesha baada ya jua kali, mikahawa huchanua yote kwa pamoja, shamba likawa jeupe kama limemwagiwa unga. Wazungu husimama barazani kuitazama. Mimi chafya zilinikamata mfululizo, macho yanawasha, kaakaa linawasha, pua inatoa maji kama bomba bovu halafu inaziba kabisa. Nilidhani ni mafua yatapita. Maua yakaanguka, ikaja zamu ya vumbi la kinu cha kahawa, ambacho kilikuwa nyuma tu ya jiko letu. Nikawa napumua kwa mdomo kama samaki.

Pale nyumbani kwa bwana tulikuwa watumishi wawili wa ndani. Mimi jikoni, na mwanamke mmoja Mkikuyu, Nyambura, wa kufua na kupiga pasi. Nilikutajia jina lake zamani, lakini sikukueleza alikuwa mtu gani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Mume wake alichukuliwa kwenye msako wa kwanza, yeye akaachiwa watoto watatu na mama mkwe, na wote wakahamishiwa kwenye kijiji kipya cha uzio upande wa Mugutha. Kila asubuhi alitoka kijijini akionyesha pasi yake ya ruhusa getini, na jioni alirudi mbio kabla ya saa ya kufungiwa.

Yeye ndiye aliyenionea huruma. Siku moja alinitazama nikikata vitunguu huku kamasi zinanitiririka, akaweka pasi chini.

"Mwadime, hii pua yako iko na kesi," akasema. "Kuja hapa."

Akachemsha maji, akayaacha yapoe yawe vuguvugu, akatia chumvi kidogo, akanionyesha kuyavuta kwa kiganja kwenye tundu moja na kuyaachia yatoke kwenye jingine. Nilikabwa mara ya kwanza, nikadhani nazama. Lakini maji yalitoka na uchafu wote wa kinu, na kwa saa moja hivi nikapumua. Jioni nyingine alikuja na majani ya mkaratusi na ya mleleshwa, ule mti ambao majani yake ni meupe upande wa chini na hunuka kama kafuri. Akanikalisha juu ya kigoda, sufuria ya maji yanayofuka chini, blanketi kichwani.

"Sufuria weka mbali na magoti," akasema. "Usikimbilie mvuke. Ngoja ikujie yenyewe."

Ndivyo nilivyoishi msimu ule, kwa chumvi na majani, na nilikuwa nafuu. Ningebaki hapo leo hii ningekuwa bado mpishi.

Memsabu naye alikuwa mtu mwema, lazima niseme hivyo. Aliniona napumua kwa shida, akaniletea kichupa cha kioo chenye mpira mwekundu wa kubonyeza, dawa aliyokuwa akitumia yeye mwenyewe wakati wa maua. Akanionyesha kuingiza ncha puani na kubonyeza. "Mara moja kila upande," akasema, "na siku chache tu." Mama Mghanga, sijui nikueleze vipi. Nilibonyeza, na kabla sijaweka kichupa chini pua ilifunguka yote, nikasikia upepo baridi umeingia mpaka nyuma ya macho. Nilisimama pale jikoni nikivuta pumzi tu. Nyambura aliniangalia akasema, "Sasa majani yangu umeachana nayo." Nikasema hapana. Lakini kweli niliachana nayo, kwa kuwa majani yalitaka nikae nusu saa chini ya blanketi, na kichupa kilitaka kidole.

Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Dawa ilipoisha memsabu alininunulia nyingine Nairobi, kisha nikawa najinunulia mwenyewe kwenye duka la Mhindi hapa Thika. Mwanzo ilinifungua tangu asubuhi mpaka jioni. Halafu ikawa mpaka saa sita. Halafu ikawa nikimaliza kukanda mkate tu, pua imekwisha kuziba tena, na imeziba kuliko mwanzo. Tena ikaja shida ambayo mpishi hawezi kuificha. Harufu ikaondoka. Sikusikia mkate ukiiva, sikusikia kitunguu, sikusikia mafuta ya taa. Nikionja mchuzi nilipata chumvi na ukali wa pilipili, basi, kama mtu anayeonja maji ya bahari.

Nilimwambia Nyambura, kwani nilikuwa naogopa kuunguza nyumba ya watu. Hakunicheka. Tangu siku hiyo akawa ananinusia. Asubuhi akifika, kabla hajagusa nguo, alifungua kabati la wavu, akainamia nyama, akainamia maziwa, akainamia siagi. "Hii sawa. Hii sawa. Hii maziwa ya jana tupa." Memsabu alimkuta siku moja ameinamia sahani ya siagi, akauliza ni nini. Tulimweleza. Akacheka, akasema, "Basi mimi nina mpishi mmoja wa watu wawili." Kumbuka maneno hayo. Alijua.

Sasa siku yenyewe. Bwana alileta samaki wa pwani kutoka Nairobi, aliyekuja na treni kwenye barafu. Njiani askari walisimamisha magari kwa upekuzi, samaki akakaa juani muda mrefu, barafu ikayeyuka. Bwana alinikabidhi kikapu akaenda zake kilabuni kula na wenzake. Nyambura hakuwepo. Mkuu wa kijiji alikuwa amewatoa wanawake wote wakachimbe handaki la kuzunguka uzio, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka getini siku hiyo. Nilimtazama yule samaki. Jicho lilikuwa limefifia, lakini nyama ilikuwa imara kidoleni. Nilimwosha kwa ndimu, nikamchemsha, nikamtia kwenye maziwa na unga na majani ya kotimiri aliyoyapenda memsabu, nikamwoka. Nilionja ule mchuzi mweupe, chumvi ilikuwa sawa. Memsabu akala na msichana wao mdogo, ambaye hata miaka minne hakuwa ametimiza.

Kabla jua halijatua wote wawili walikuwa wanatapika. Mtoto alilegea kama nguo. Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka garini bwana alipofika, naye hakunitazama usoni. Wakaenda Nairobi hospitali.

Asubuhi yake alikuja askari Mzungu, kijana, na askari wetu weusi. Wazungu wa mashamba walikuwa wamejaa hofu kwamba watumishi watawatilia sumu, kila mmoja ameambiwa habari za mwenzake. Wakapekua jiko. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya chungu cha chumvi, wakatoa kifurushi cha kitambaa. Ndani yake majani makavu yaliyosagwa.

"Hii nini?"

"Dawa ya pua yangu," nikasema.

"Nani alileta?"

Mke wangu, niliona kwamba ukweli utatusaidia sote wawili. Nilisema, "Ameleta Nyambura, dobi. Ni majani ya mleleshwa ya kuchemsha. Pua yangu haisikii harufu, ndiyo maana samaki mbaya amenipita. Nyambura jana hakuwepo hapa kabisa, alikuwa kwenye handaki. Muulizeni mkuu wa kijiji." Nilisema yote hayo kwa mpangilio, kama nilivyokuandikia hapa. Sikuficha neno. Na ninavyoona sasa, ni neno moja tu waliloliandika, jina lake.

Bwana alikuwa amerudi kuchukua nguo za mtoto. Akachukua yale majani kiganjani. "Mleleshwa naujua," akasema, "ng'ombe wangu wanapita ndani yake kila siku. Lakini hii imesagwa. Nani atajua imechanganywa na nini?"

Wakati huohuo Nyambura akaingia uani na pasi yake ya ruhusa mkononi, ametoka kijijini, mikono ina malengelenge ya jembe. Hakujua lolote. Wakamkalisha chini, mikono kichwani.

"Huyu mpishi anasema hapana sikia harufu," yule askari akasema. "Kama anasema kweli, majani ni dawa. Kama anasema uongo, wote wawili ni waongo."

Wakanipima hapo hapo. Wakanifunga macho na kitambaa cha vyombo. Wakaniwekea kitu puani, nikasema sisikii. Wakaweka kingine, nikasema sisikii. Baadaye niliona ilikuwa sabuni na karafuu. Yule askari akasema hiyo ni kazi rahisi, mtu yeyote anaweza kusema sisikii. Bwana akasema anajua namna ya kumtambua mwongo. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa, na mara kitu kikanichoma puani kama moto, kichwa kikaruka nyuma chenyewe, machozi yakatoka. Ilikuwa chupa ya amonia tuliyosafishia mazulia.

"Pua nzuri kabisa," askari akasema.

"Imenichoma," nikasema. "Harufu sikusikia. Imenichoma tu."

Walicheka. Nyambura hakucheka. Aliniangalia pale chini alipokaa, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Wacha, Mwadime. Usiseme tena. Watakuchukua na wewe." Wakampandisha kwenye lori. Hakunililia, wala hakunilaani. Aliniambia tu kwamba shati za bwana bado ziko kwenye maji ya buluu ya kung'arisha nguo, nizitoe zisiharibike.

Mtoto alipona, na memsabu pia. Daktari wa Nairobi alisema wazi ni samaki aliyeoza, hakuna sumu. Memsabu aliporudi nilimwendea barazani, amekonda, blanketi magotini. Nikamwambia, "Memsabu, wewe unajua habari ya pua yangu. Wewe ulinipa dawa. Ulimwona Nyambura akininusia siagi."

Alivuta blanketi juu zaidi. Kisha akasema, "Nimemwambia bwana. Anasema samaki ni mambo ya jikoni, lakini huyo mwanamke sasa ni mambo ya usalama. Mume wake ni mfungwa. Wanasema amepelekwa kambini, hawawezi kumrudisha kwa ajili ya samaki."

"Basi memsabu uwaambie wewe mwenyewe."

"Mimi nimechoka, Mwadime," akasema, akageuza uso upande wa mikahawa.

Mwisho wa mwezi bwana alitia sahihi kwenye kipande changu cha kazi, akaniambia sijaiba wala sijalewa, lakini hawezi kula kwa mikono yangu tena. Sikumlaumu kwa hilo. Nami nisingekula.

Ndipo nikaja Thika, nikaomba kazi hapa kwenye ngozi. Watu wengi hawakai, wanakuja asubuhi na adhuhuri wamekimbia, kwa uvundo wa ngozi mbichi na chokaa na magome ya miti ya miwati ya kutengenezea ngozi. Mimi nyapara alinisimamisha kwenye shimo ambalo limemshinda kila mtu, akaona sikunji uso, akaniandika papo hapo. Kwa hiyo kazi ninayokutumia matumizi kwayo niliipata kwa ugonjwa wangu.

Hapa mjini kuna daktari Mhindi, mzee, mwenye chumba chake karibu na stesheni. Nilimwendea baridi ya mwezi wa saba, kichwa kinanipasuka. Aliangalia puani kwa taa, akaomba aone kichupa, akatikisa kichwa.

"Hii dawa ndiyo ugonjwa wako sasa," akaniambia. "Mwanzo ilifungua. Ukizidisha, inafunga. Unapuliza ili kufungua kile ambacho yenyewe imekifunga. Tupa. Utateseka wiki mbili tatu. Vuta maji ya chumvi, fukiza mvuke, lala umeinua kichwa. Harufu itarudi."

Nikamweleza habari ya amonia. Alivua miwani. Akasema amonia hainuswi, inachoma, ni kama pilipili kwenye kidonda, hata mtu ambaye pua yake imekufa ataruka. "Kipofu naye anatoka machozi ukimkatia kitunguu," akasema. "Je, ameona?"

Nikamwomba anipe maandishi. Akaandika kwamba amenipima na sisikii harufu yoyote, na kwamba kipimo cha amonia si kipimo. Aliponipa alisema, "Lakini elewa. Hii ni ya leo. Ukipona, wakikuita na kukupima, watakuta unasikia. Watasema na mimi nilinunuliwa."

Maneno hayo, mama Mghanga, ndiyo jibu la swali lako.

Nilipeleka karatasi ile kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Karani alisoma, akanitazama viatu, akasema nitaitwa. Nikarudi mara nyingine, akasema nitaitwa. Nami nikawaza, wakiniita lazima wanikute vilevile nilivyokuwa siku ile. Pua hii ndiyo shahidi pekee aliyebaki, kwa kuwa memsabu amenyamaza na bwana hataki kusikia. Nikiiponya nitakuwa nimemwondoa shahidi kwa mkono wangu. Kwa hiyo nikaendelea kupuliza. Tangawizi yako niliipokea, na asali niliipokea, nikawapa wenzangu wa chumba. Niliogopa zitanisaidia. Damu ilipotoka nilijifuta. Nililala nimekaa, mgongo ukutani, mdomo wazi, asubuhi ulimi umekauka kama ngozi za kiwandani, na nikajiambia ni sawa, Nyambura analala pabaya zaidi. Ndivyo Mwanyumba alivyonikuta, na sikuweza kumweleza. Alidhani nimeharibika akili, na labda kidogo nilikuwa nimeharibika.

Kijijini kwa Nyambura nilikuwa nimejaribu kwenda mapema, walinzi wakanifukuza getini. Jumapili iliyopita nikasikia wameanza kuruhusu wageni baada ya ibada. Nilikwenda mpaka Ruiru, na kutoka hapo nikatembea. Nyumba zimepangwa mistari, zimebanana, moshi wa moja unaingia nyingine. Nikaulizia mama mkwe wa Nyambura, nikaonyeshwa bibi mmoja amekaa mlangoni akichambua maharagwe, wajukuu watatu kando yake. Nilimwambia mimi ni nani. Alijua. Alisema, "Wewe ni wa pua."

Nikakaa chini. Nikamweleza kuhusu daktari na karatasi, na kwamba nasubiri kuitwa, na kwamba nimejitunza ili wanikute nikiwa mgonjwa. Niliongea kwa haraka kama mtu aliyeleta habari njema. Yeye alichambua maharagwe mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza ile karatasi niliipeleka lini.

"Wakati wa baridi," nikasema. "Mwezi wa saba."

"Nyambura alikufa mvua kubwa hazijaisha," akasema. "Kule kambini. Walisema ni kifua. Mkuu wa kijiji aliniita, akanipa blanketi yake, akaniambia niende nyumbani."

Nilihesabu kichwani, na kila nilivyohesabu nilifika palepale, kwamba siku nilipomwendea yule daktari Nyambura alikuwa amekwisha kuzikwa, na nilikuwa nimeitesa pua yangu miezi yote hiyo kwa ajili ya mtu ambaye hakuna ofisi ingeweza kumrudisha. Bibi hakuniambia nisilie. Alisogeza ungo pembeni.

"Nataka kitu moja kutoka kwako," akasema. "Hawa watoto wanaambiwa na wenzao mama yao alimpa mtoto wa Mzungu sumu. Wengine wanawasifu, wengine wanawaogopa. Mimi nawaambia hapana, lakini mimi sikuwa huko. Wewe ulikuwa. Waambie."

Basi niliwaambia. Nilisema kwa Kiswahili, naye akawageuzia kwa Kikuyu, sentensi moja baada ya nyingine. Niliwaeleza kwamba nilikuwa naumwa pua, na mama yao alinionea huruma akanitengenezea maji ya chumvi na kunifukiza majani. Kwamba niliposhindwa kunusa, yeye alininusia, ili watu wa nyumba ile wasile kitu kibaya, pamoja na yule mtoto. Kwamba samaki alioza kwa jua, nikampika mimi, siku ambayo yeye alikuwa akichimba handaki lile pale, na nikawaonyesha kwa kidole. Kwamba majani yaliyokutwa yalikuwa dawa, na ni mimi niliyejifukiza mvuke wake. Msichana mkubwa alinitazama muda wote bila kupepesa. Nilipomaliza akamwuliza bibi yake jambo, na bibi akaniambia, "Anauliza kama yule mtoto wa Mzungu alipona."

"Alipona," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akainuka akaenda kuteka maji.

Nikiwa njiani kurudi, kwenye daraja la mto, nilitoa kichupa nikakitupa. Sasa ni wiki imepita na umekuwa wakati mbaya, sikufichi. Pua imefunga kama imetiwa saruji, kichwa kizito, na kila saa mkono unatafuta mfukoni. Lakini navuta maji ya chumvi asubuhi na jioni, nafukiza majani ya mkaratusi yanayoota nyuma ya kiwanda, na nimemwomba mwenzangu anirudishie asali yako kidogo iliyobaki. Jana adhuhuri, kwenye shimo langu, kitu kilipita puani mara moja, kidogo sana, kikaondoka. Ulikuwa uvundo wa ngozi. Niliweka koleo chini nikaenda kusimama kando ya uzio. Wenzangu walicheka, wakasema leo Mtaita amefahamu anafanya kazi wapi. Sikuwaeleza.

Pua ikirudi yote sitaiweza kazi hii, nami naiona inarudi. Basi nitakuja nyumbani. Tutalima kile kipande cha juu, na kama nitapika nitapika pale kwetu, wewe ukiwa karibu.

Nisalimie mama, umwambie dawa yake ya kifua namtumia kwa Mwanyumba, ni ya kupaka tu, asiitie puani. Nisalimie kaka yangu Mwanyika na shemeji, pamoja na mwalimu wa kanisa aliyemfundisha Mghanga kusoma. Mghanga mwenyewe mwambie barua yake niliisoma na mwandiko umenyooka. Mdogo wake mbebe kwa niaba yangu, ingawa najua sasa ni mzito.

Na wewe, usiku ukiomba, mtaje na Nyambura mke wa Kamau, wa Ruiru. Hakuwa mtu wa kwetu, na hakuna aliyemwombea pale alipozikwa.

Wako, anayekukumbuka kila siku,

Mwadime